Dirisha Lililogoma Kusogea

Boti ilikuwa inaruka.

Injini ya Yamaha ilifunguliwa yote, maji ya ziwa yakimpiga usoni, na Sabina Chenge hakuwa na hamu hata kidogo ya kupunguza mwendo. Mbele yake, karibu na Kayenze, boti nyeupe yenye injini mbili ilikuwa inakimbia kuelekea kaskazini.

Alibonyeza redio.

"Ningu, hapa Furu. Naiona. Nyeupe, injini mbili. Ova."

"Ndiyo hiyo," ilijibu sauti ya mwanamke, tulivu. "Isikuponyoke, mwanangu. Ova."

Haikumponyoka. Aliikata mbele, akasimama katikati ya mawimbi yake mwenyewe, Glock mkononi.

"Zima! Mikono juu!"

Nahodha wa boti nyeupe alinyoosha mikono mpaka shati likachomoka kwenye suruali.

"Afande, naapa, hawa samaki wadogo si wangu! Nimepakiziwa tu!"

Sabina alifunua turubai. Barafu. Chini ya barafu, sangara wadogo wasioruhusiwa kuvuliwa, wamejaa tele. Mtu alikuwa anakimbia maafisa uvuvi.

Hakukuwa na dhahabu. Hakukuwa na Zadok.

Na Zadok ndiye aliyemleta huku. Zadok Otuoma, jasusi mwenzake, mtoto wa wavuvi wa Rorya, jina lake la kazi Kamongo, alikuwa ameishi kwa miezi kadhaa ndani ya genge linalovusha dhahabu ya wizi kwenda nje ya nchi kupitia ziwani. Walimjua kama mbeba mizigo. Kisigino cha buti lake kilificha kitoa ishara, na kwenye ramani ya kompyuta pale Mnara, chumba chao cha ulinzi Kirumba, Zadok alionekana kama nukta nyekundu.

Asubuhi hii nukta haikuonekana.

Kilichobaki ni sauti yake kwenye simu, akinong'ona, akivuta pumzi kwa shida. "Furu, kuna mtu wetu anawapigia hawa. Wanajua kila hatua yetu. Wameanza kuniangalia vibaya. Leo wanahamisha mzigo, na mimi sidhani kama..."

Simu ikakatika hapo hapo.

"Ningu, si wenyewe," Sabina alisema redioni. "Ni muuza samaki. Ova."

"Basi chanzo changu kimekosea kidogo. Endelea kaskazini, pitia visiwa vya Ukerewe. Ova."

"Petroli imekwisha. Napitia Kirumba kwanza. Ova na kwisha."

Hilo la petroli lilikuwa kweli. Na bora lilikuwa kweli, maana Sabina asingeweza kumdanganya mwanamke yule. Ningu alikuwa ni Selina, mkuu wa kitengo cha teknolojia, mwenye ofisi yake nzuri kule Buswelu. Ndiye aliyeiandika programu ya ramani waliyoiita Jicho. Ndiye aliyemtoa Sabina kwenye ukarani akamfundisha kompyuta, akamfanya mtu. Na kabla ya hayo yote, Sabina akiwa binti wa sekondari, mkono wa kulia wa Selina ndio uliokaa begani kwake siku askofu alipompaka krisma. Alikuwa mama yake wa kipaimara. Tangu siku ile hajawahi kumwita vingine ila mama.

*

Mnara ulikuwa ghorofani, juu ya duka la nyavu. Chini watu waliuza nyuzi na maboya. Juu, nyuma ya mlango wa chuma, taifa lilikuwa linachunguliwa kwenye skrini moja kubwa ya Samsung.

Skrini yenyewe ilikuwa mgonjwa. Msimu uliopita wadudu wa ziwani walikuja kwa wingi wao, wale wanaotanda hewani mpaka huoni ng'ambo, wakajipenyeza ndani ya skrini na kufia humo. Ubavu wa kushoto ukawa mweusi moja kwa moja. Waliomba mpya. Buswelu wakasema subirini, na aliyesema subirini ni Selina mwenyewe. Basi kila anayeingia zamu akiwasha Jicho alifanya jambo moja kabla hata ya kumimina chai: aliivuta programu nzima kuelekea kulia, iondoke kwenye ule weusi.

Pius, mtu wa zamu, mwenye tumbo lake na chupa yake ya chai, hakuinua kichwa.

"Bado, dada Sabina. Hakuna nukta. Mama Selina anasema buti limelowa, ishara imekufa."

"Buti limetengenezwa kwa ajili ya ziwa, Pius. Litakufaje kwa maji?"

Aliinama kwenye skrini. Ramani ilionyesha ghuba ya Mwanza kwa rangi ya bluu, nukta ya kijani ikiwa ni boti yake mwenyewe pale chini. Macho yake yalishuka kusini, yakapita Nyegezi, yakafika Luchelele.

Yakakwama.

"Pius. Ziwa limeingia lini Luchelele?"

"Ee?"

"Tazama. Ufuko umekatika ghafla kama umepigwa panga. Maji yamekaa juu ya mashamba ya watu."

"Si hawa wadudu? Nimeliona tangu asubuhi. Nikasema sasa skrini inakufa na upande wa pili."

Sabina alikichukua kipanya.

Dirisha la programu lina fremu yake, na juu ya fremu kuna kichwa, ule ukanda wenye jina na vitufe vya kupunguza, kukuza na kufunga. Ukikamata kichwa ukavuta, dirisha zima linakufuata: ramani, vitufe, maandishi, vyote. Mtoto wa shule anajua hilo.

Alikamata kichwa cha Jicho akavuta kulia.

Ramani ikaenda kulia.

Maji ya Luchelele hayakwenda popote.

Kipande cha bluu, cha mraba, kilibaki palepale kwenye kioo, ramani ikipita chini yake. Lilikuwa dirisha la pili. Halina fremu, halina kichwa, halina jina, halina kitufe cha kulifunga. Picha ya maji matupu, imelazwa juu ya ramani kama viraka vinavyolazwa juu ya suruali.

Na chini yake, ramani ilipozidi kusogea, ilichomoza nukta nyekundu.

"Yesu na Maria," Pius alisema.

Nukta ilikuwa imetulia kwenye kisiwa kidogo cha mawe mkabala na Luchelele. Kusini! Na yeye asubuhi yote alikuwa kaskazini anawafukuza wauza samaki.

Lakini Sabina bado alikuwa na swali. Nani kaliweka?

Palikuwa na njia ya kujua. Alifundishwa njia hiyo. Kama dirisha hili limepenyezwa na mtu wa nje, basi ni la programu nyingine, halina habari na Jicho. Ukiipunguza Jicho ikashuka chini, hili litabaki juu peke yake limekodoa. Lakini kama limeandikwa humo humo ndani ya Jicho, mwandishi amelipatia dirisha mama. Dirisha lenye mama hukaa daima juu ya mama yake, na mama akijificha nalo hujificha. Kitu kimoja tu haliwezi: mama akihama, halimfuati, mpaka mwandishi akae aandike kwa mkono wake kwamba limfuate.

Alibonyeza kupunguza.

Jicho ikashuka. Kipande cha bluu kikashuka nacho.

Akairudisha. Vikarudi pamoja, bluu juu, kimya, utadhani hakuna kilichotokea.

Sabina alikaa kitini bila kuambiwa.

Dirisha lilikuwa na mama. Limezaliwa ndani ya Jicho, na Jicho ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja tu duniani. Mtu huyo alikaa Buswelu, kwenye skrini nzima isiyo na wadudu, Jicho ikiwa imejaa kona kwa kona. Hakuwahi kuivuta. Hakuwahi kujua kwamba huku Kirumba inavutwa kila asubuhi, kwa sababu ya skrini mbovu aliyokataa kuibadilisha. Ndiyo maana hakujisumbua kuandika kwamba dirisha lake limfuate mama.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kitauma hivi. Alichokitaka Sabina saa ile, kwa aibu yake, ni kwamba awe amekosea.

Simu yake ikaita. Selina.

"Mwanangu, umekula?"

Sauti ileile. Ile iliyokuwa ikimwamsha anywe uji asubuhi ya mtihani.

"Bado, mama," Sabina alisema. "Nimejaza petroli, sasa hivi naondoka kwenda Ukerewe."

"Kunywa hata chai. Na usikimbie sana, mawimbi leo ni makali huko."

"Sawa, mama."

Alikata. Pius alikuwa anamtazama mdomo wazi.

"Irudishe Jicho pale ilipokuwa," Sabina alisema. "Akikuuliza, hujaona kitu. Ukisikia redio yangu imebonyezwa mara mbili bila maneno, waite polisi wa majini waende kile kisiwa. Usimpigie mtu mwingine yeyote. Hata mkurugenzi."

"Dada Sabina, ni nani?"

"Fanya tu, Pius."

*

Nukta yake ya kijani ilikuwa inasomeka popote Jicho ilipofunguliwa. Kwa hiyo alikifungua kitoa ishara cha boti yake, akateremka nacho mwaloni. Boti ya mizigo ilikuwa inapakia kreti za soda kwenda Ukerewe. Alikitumbukiza katikati ya kreti, akamsalimia nahodha vizuri, akaondoka.

Nukta ikaenda kaskazini na soda.

Sabina akaenda kusini.

Alizima injini mbali na kile kisiwa, akaifunga boti kwenye mawe upande usioonekana, akaingia majini na Glock na redio yake kwenye mfuko wa plastiki. Jua lilikuwa kali. Jiwe lilikuwa limekaa juu ya jiwe, na juu kabisa ndege weusi, mnandi, wakianika mabawa yao.

Boti nyingine nyeupe, nayo ya injini mbili, ilikuwa kwenye kihori kidogo cha maji kati ya mawe. Wanaume wawili walikuwa wanapakia maboksi yaliyoandikwa mabondo makavu, lakini mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, hayamfanyi mtu mzima apinde mgongo namna ile. Ukingoni mwa mwamba, mikono nyuma, amekaa Zadok. Uso umevimba. Miguuni mwake kamba ya nyavu, na kwenye kamba, jiwe.

Alikuwa anapumua.

Sabina alizama, akaibukia nyuma ya injini. Wanaume wakiwa wamegeuka kuchukua boksi lingine, alipitisha mkono juu ya ubao, akaupata mpira wa mafuta wa injini ya kwanza, akaukata kwa kisu chake cha Leatherman. Wa pili vivyo hivyo. Petroli iliyobaki ndani ingewasogeza kidogo tu. Baadaye wangebaki na makasia, kama wanayo.

Akazunguka, akapanda mawe kutoka nyuma ili awapate kwa juu.

Na kule juu alimkuta mtu wa tatu.

Mwanamke, amekaa kivulini, kitenge kiunoni, miwani ya kusomea puani, kompyuta ya Toughbook mapajani. Jicho imejaa skrini, kona kwa kona. Kidole chake kilikuwa kinaifuata nukta ya kijani inayoelekea Ukerewe, taratibu, kama mama anayesubiri mtoto afike salama.

Sabina alibonyeza redio mara mbili. Akasogea mpaka nyuma yake, Glock mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana..."

Neno lilimtoka kabla ya akili. Kisha mabega yakakauka. Selina hakugeuka, aliitazama nukta ya kijani, kaskazini, mbali kabisa, ikiendelea kumwambia uongo.

"Weka kompyuta chini. Mikono niione."

Selina aliiweka chini kwa adabu, kama chombo cha mtu.

"Umejuaje?"

"Kirumba wanaivuta Jicho kulia kila siku. Skrini imekufa upande mmoja. Tulikuomba mpya."

Selina alifumba macho. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Sikuandika limfuate."

"Hukuandika."

"Miaka yote ile, Sabina. Naandika, wao wanapiga makofi, mkurugenzi anapanda jukwaani kupokea ngao. Mwakani wananistaafisha na cherehani ya zawadi. Hawa waliniuliza mama, unataka nini. Hakuna mtu ofisini kwetu aliyewahi kuniuliza hivyo."

"Na Zadok alikukosea nini?"

"Zadok niliwatajia, ndiyo. Wewe sikukutaja." Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hicho ndicho kilichomchoma Sabina kuliko kitu chochote, kwamba machozi yalikuwa ya kweli. "Unadhani nilikupeleka kaskazini kwa nini? Nilitaka uwe mbali. Nilikulinda, mwanangu."

"Zadok naye ana mama. Yuko Rorya. Anamsubiri."

Selina alitupa macho chini, pale Zadok alipokaa.

"Chukua redio yako," Sabina alisema. "Waambie wamfungue."

Selina aliichukua. Aliileta mdomoni polepole, akamtazama Sabina usoni, mtazamo uleule wa kanisani.

"Mtoseni," alisema.

Chini kule buti la mtu lilisukuma. Maji yakapiga.

Sabina hakufyatua. Risasi haifungui kamba. Aliruka kutoka juu ya mwamba na Leatherman mkononi, na nyuma yake alisikia viatu vya Selina vikiteremka mbio kuelekea botini.

Chini ya maji kulikuwa na ukijani mzito. Alipapasa. Mapovu. Akayafuata mapovu mpaka akakamata shati, shati likamleta kwenye mguu, mguu ukamleta kwenye kamba. Kamba ya nyavu za sangara haikatiki haraka, imetengenezwa isikatike. Alikata na kifua kikimwaka. Zadok alikuwa anampiga kwa magoti bila kujua anampiga nani, kisha magoti yakalegea, na huo ulegevu ulimwogopesha Sabina kuliko bunduki yoyote.

Kamba ikaachia.

Alimpandisha akimshika kwapani, akamtupa juu ya jiwe, akamlaza kifudifudi akambana mgongo. Mara moja. Mara nyingine. Ziwa likamtoka Zadok mdomoni kwa kishindo, na baada ya ziwa likatoka tusi la Kijaluo ambalo haliandikiki hapa.

"Karibu tena," Sabina alisema. Alikuwa analia, na hakujali.

Risasi zilipiga mawe juu yao. Boti nyeupe ilikuwa inatoka kihorini, injini zote mbili zikinguruma, Selina akiwa amekaa juu ya maboksi yake. Ilikwenda. Ikaenda kidogo tena. Injini ya kwanza ikakohoa, ya pili ikaijibu, na kukawa kimya.

Boti ikageuka ubavu na mawimbi. Wanaume wawili walianza kulaumiana kwa sauti kubwa.

Kutoka upande wa Nyegezi polisi wa majini walikuwa wanakuja, king'ora kikilia, Pius akiwa mbele kabisa ameshikilia kofia. Wale wawili waliona bunduki za polisi, wakatupa zao ziwani bila kuombwa.

"Nani alinitaja?" Zadok aliuliza, meno yakigongana.

"Selina."

Zadok alitema maji, akamgeukia.

"Mama Selina? Si alinisindikiza yeye siku naondoka? Alinifungia chapati njiani."

"Na mimi alinifungia," Sabina alisema.

Sabina na Zadok walipoifikia boti yao, polisi walikuwa wanapita karibu na mwamba wakiwa wamempakia Selina. Pingu mikononi, kitenge kimelowa. Selina aliinua mikono yote miwili kwa pamoja, kwa sababu ndivyo pingu zinavyotaka, akampungia. Midomo yake ikasema kitu. Sabina hakukisikia, na hakuomba kirudiwe.

Simu aliyokuwa ameiacha chini ya kiti cha boti ilikuwa inaita. Ilikuwa ni mama yake mzazi, kutoka Buhongwa.

"Sabina! Mbona mama yako wa kipaimara hapokei simu? Mwambie Jumapili asikose, nimemkamatia jogoo. Mkubwa kweli."

"Hatakuja, mama."

"Kasafiri?"

Sabina alitazama mbele. Boti ya polisi ilikuwa imeshakuwa ndogo.

"Hatakuja tena. Jogoo mchinje tu, mama. Namleta Zadok."

"Zadok? Yule Mjaluo mrefu? Huyo si atamaliza sufuria!"

"Songa ugali mwingi."

Alikata simu, akamtupia Zadok koti lake, akavuta kamba ya injini.

Ilishika mara ya kwanza. Aligeuza pua ya boti kuelekea mjini, hakuangalia nyuma.